Siku Kit Iveson Alipotazamwa Meno

Chuo kikuu kimetangaza, katika jedwali lililochapishwa kwa herufi ndogo na kuhakikiwa na maprofesa wawili, kwamba kivumishi "wick", chenye maana ya kuwa hai, kuchangamka, kujaa uhai, hakitumiki tena katika bonde la Thornsgill, kaskazini mwa Uingereza, na kwamba kimesahauliwa hata na wazee. Ushahidi ulichukuliwa Oktoba 1952 kutoka kwa mkulima mmoja, mwanamume, umri miaka sabini na mitatu, mzaliwa wa hapo, mwenye masikio mazuri na meno yake mwenyewe.

Maelezo ya meno ni ya kweli. Nayo ndiyo yaliyoharibu kila kitu.

Neno lenyewe halina makuu. Wenye vitabu wanasema ni la kale sana: waliotuvamia kutoka ng'ambo ya bahari ya kaskazini walikuwa nalo, na sisi tuliovamiwa tulikuwa na ndugu yake, kwa hiyo hata wakati wa kuchinjana pande zote mbili zilielewana nani bado yu hai. Baadaye watu wa kusini walilichukua neno hilohilo wakalifanya liwe "quick", la mwendo wa kasi, kama kwamba kuishi ni kuwahi treni. Sisi tuliliacha pale tulipolikuta. Theluji ikifukia kondoo, unachimba kwa koleo, unapapasa shingo, na kumwambia aliye nyuma yako "wick", au husemi kitu. Mti wa miiba ulioonekana kukauka unaukwaruza kwa kisu; chini ya gome kukiwa kijani, ni wick, uache. Kipande cha mzizi wa magugu kilichobaki udongoni ni wick, utakiona mwezi wa tano. Jibini lenye mabuu nalo ni wick, na hapo hakuna anayelisifu. Mtoto asiyetulia kanisani ni wick, na hupigwa kofi kwa hilo.

Ila mtu hajisemi hivyo mwenyewe. Na mzee akisemwa kwamba bado yuko wick, maana yake ni kuwa majirani wamekwisha kuanza kutazama bomba lake la moshi kila asubuhi.

Kit Iveson alilijua hilo kuliko wengi, kwa sababu bomba lake ndilo lililokuwa likitazamwa. Alizaliwa Birk Rigg, shamba la juu kabisa bondeni, ambako baada yake kuna ukuta, na baada ya ukuta kuna nyika na upepo. Babu yake alilipanga, baba yake alilipanga, na yeye alilipanga tangu mwaka baba yake alipoanguka akikata nyasi. Hakuoa. Nyumba ilitunzwa na dada yake Tamar, mjane, mwanamke mrefu aliyeweza kukunyima chai kwa namna ambayo ungemshukuru ukitoka.

Sasa, wakati wa vita serikali iliunda kamati za kilimo katika kila wilaya, na kamati hizo zikapewa uwezo wa kuingia shamba lolote, kulitazama, na kuliandika A, B au C. Anayeandikwa C alisimamiwa, kisha akaambiwa ahame. Bondeni kwetu aliyeambiwa ahame ni mmoja tu, Jos Coates wa shamba la chini, mwaka wa arobaini na tatu. Vyombo vyake vilipakiwa kwenye gari la farasi mchana kweupe, saa yake ya ukutani ikigonga humo ndani ya majani, naye akaenda kukaa kwa binti yake mjini, kwenye nyumba yenye dirisha linalotazama dirisha. Hakumaliza mwaka. Vita viliisha, kamati hazikuisha. Mwanzoni mwa hamsini na mbili Kit alipokea barua kwamba ofisa atafika Birk Rigg ndani ya miezi kumi na miwili "kutathmini uwezo wa mpangaji, kwa kuzingatia umri."

Barua haikutaja siku. Kit aliona hiyo ndiyo hila yenyewe.

Tangu hapo hakuna aliyepanda Birk Rigg bila kutiliwa shaka. Kit alikuwa na nyonga mbovu na mkongojo, na mkongojo ulikaa nyuma ya mlango tayari kufichwa. Tarishi akionekana kwenye kona, Kit aliutupa nyuma ya pipa la maji na kuvuka ua kwa hatua ndefu, akipiga mluzi. Mwuza brashi alidhaniwa ni ofisa. Mchungaji mpya wa kanisa alidhaniwa ni ofisa, akaonyeshwa zizi zima, hori kwa hori, naye akasema baadaye kwamba hajawahi kupokewa kwa moyo kama ule.

"Huyo mchungaji hata hakuomba dua," Kit alimwambia dada yake. "Umeona?"

"Ungemwacha aombe. Ulikuwa unamwonyesha mtaro wa mavi."

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya bonde, na lawama yangu katika mambo haya ni moja. Mwezi wa kumi kijana aitwaye Gerald Whitcombe alikuja kupanga chumba kwangu siku nne. Alitumwa na chuo kikuu kukusanya maneno ya zamani kabla wenye maneno hawajafa. Alikuwa na kitabu cha maswali elfu moja na mia tatu, na masharti: mtu awe na miaka zaidi ya sitini, asiwe amewahi kuhama, asikie vizuri, na kinywa chake kiwe kizima, maana mtu asiye na meno hutamka apendavyo. Aliniuliza nani bondeni anazungumza vizuri zaidi. Nikamwambia Kit Iveson. Lilikuwa jibu sahihi. Sikufikiria viatu vya kijana yule, ambavyo vilikuwa vyeusi na viking'aa kama vya mtu wa serikali.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Tamar, ambaye hakuwa mtu wa kupamba habari, na kwa daftari la Whitcombe, ambalo jioni ya siku ile alilisoma mezani kwangu akizidi kunyong'onyea.

Alifika Birk Rigg kwa pikipiki, mkoba begani. Kit alimwona toka mbali na mkongojo ukaenda nyuma ya pipa.

"Shikamoo mzee," alisema Whitcombe. "Natoka chuo kikuu. Tunawafuatilia wazee waliobaki mashambani."

"Mnawafuatilia," alisema Kit.

"Ndiyo. Kabla hawajatoweka."

Kit alimkaribisha ndani. Tamar alimwekea mgeni keki ya zabibu, ile ya juma lililopita, na kipande cha jibini kilichokatwa kwa uangalifu kisipite kiasi. Kijana alifungua daftari. Umri? Sabini na mitatu, alisema Kit, lakini ni tangu mwezi wa tatu tu. Amewahi kuishi kwingine? Kamwe. Baba yake? Hapahapa. Anasikia? Kit akasema anasikia saa ya ukutani katika shamba la jirani.

"Na meno, mzee? Ni yako mwenyewe? Samahani, fungua kidogo nione."

Hapa lazima nikumbushe kwamba ulikuwa Oktoba. Oktoba kwetu kila mwenye kondoo huwashusha majike toka nyikani na kuwafungua midomo mmoja mmoja. Jike mwenye meno kamili hurudi juu kula nyasi ngumu mwaka mwingine. Aliyevunjika meno hutiwa alama mgongoni na kuuzwa bondeni, kwenye nyasi laini, kwa watu wasio na haja ya kujua jina lake. Hakuna uovu ndani yake. Ndivyo kazi ilivyo. Kit alikuwa amewafungua midomo mia na arobaini juma lile, na mikono yake ilikuwa bado inanuka.

Alifungua mdomo. Kijana akachungulia, akasema, "Vizuri sana," akaandika.

"Nilimwona Kit akibadilika rangi," Tamar aliniambia. "Nikajua: huyu ndiye. Siku zote tulimngoja mtu wa kupima udongo, kumbe walikuwa wanaanzia kinywani."

Kuanzia hapo Kit alizungumza lugha ya fomu. Alikuwa amejaza fomu za wizara kwa miaka kumi na tatu na alikuwa na msamiati wa kutosha.

"Hapo ng'ombe wanapolala," alisema Whitcombe, akionyesha kwa kidole dirishani, "mnapaitaje?"

Kit alipatazama, akawaza. Mtu mzima, amesoma, hajui zizi. Au anajua, na anataka kuona kama mimi bado nalijua.

"Jengo la mifugo mikubwa," alisema.

"Unavyosema ukiwa nyumbani lakini. Wewe na dada."

"Dada na mimi tunasema jengo la mifugo mikubwa."

Jikoni Tamar aliangusha kijiko.

Wakaendelea. Mavi yalikuwa mbolea asilia. Mbwa alikuwa mnyama wa kazi. Kondoo dume, ambaye Kit alikuwa na majina manane kwa ajili yake na sita hayatajwi mbele ya mwalimu, alikuwa dume la kuzalishia. Whitcombe alibembeleza. Alisema hakuna jibu baya. Kit alikuwa ameambiwa maneno hayohayo na daktari wa jeshi mwaka wa 1915, naye hakuyaamini hata wakati ule.

Saa tano hivi wakafika kwenye swali ambalo kijana alilipenda, maana profesa wake ameliandikia makala.

"Chukua mti wa miiba," alisema. "Unadhani umekufa. Unakwaruza gome, chini ni kijani. Mnasemaje? Mti huo ni..."

"Unaendelea vizuri," alisema Kit.

"Mwanakondoo kazaliwa baridi, umemsugua kwa majani, ghafla kapiga teke. Ni..."

"Ana afya ya kuridhisha."

"Neno fupi, mzee. Fupi kabisa. Sasa tuseme mtu. Mtu mwenye miaka mingi, labda kama yako, lakini bado anapanda na kushuka, macho yanawaka, kajaa uhai. Watu wa bonde humwitaje?"

Neno lilikuwa pale, lilikuwa limekaa kwenye ulimi wa Kit miaka sabini. Lakini alimwona Jos Coates na saa yake ndani ya majani. Akisema wick, atakuwa amejitaja mwenyewe miongoni mwa wazee wanaostahili kusemwa hivyo, na huyu kijana ataliandika, na mjini watalisoma. Tena ni mpangaji gani mwenye akili zake angejisifu mwenyewe mbele ya ofisa kwa neno la kumwambia mbwa?

"Tunasema," alijibu, "ana uwezo kamili wa kutekeleza majukumu yake."

"Hakuna neno jingine?"

"Halipo."

"Wazee wa zamani? Bibi yako hakuwa akisema..."

"Bibi alikuwa mkimya."

Whitcombe aliandika kistari kirefu. Kisha akafunga daftari, akashukuru, akasema inatosha kwa leo. Na Kit, aliyekuwa akiangalia kile kistari kikichorwa, alielewa kwamba ameshindwa. Maneno hayakutosha. Alimsindikiza kijana uani. Pale ua unapokutana na njia kuna ukuta wa mawe unaofika kifuani, na kando yake lango zuri kabisa, lililotiwa mafuta. Kit aliliacha lango.

"Tazama hapa, bwana mdogo," alisema, na akauruka ukuta.

Niseme kwa haki: aliuruka. Mkono mmoja juu ya jiwe, miguu yote miwili hewani, akatua ng'ambo kwa kishindo. Whitcombe alipiga makofi. Kit alisimama upande wa pili, viganja juu ya ukuta, akitabasamu. Aliendelea kutabasamu kijana alipovaa glavu. Alitabasamu kijana alipotafuta ufunguo, alipopiga teke la kwanza, la pili, la tatu, na pikipiki ikakataa kuwaka.

"Huji kunifungulia lango, mzee?"

"Nipo sawa hapa. Natazama mandhari."

Tamar alikuwa mlangoni. Alikuwa amemtunza mwanamume yule miaka kumi na minane na alijua tabasamu lake halidumu hivyo.

"Kit!" aliita kwa sauti ya chini. "Uko wick, au nimwite mchungaji?"

"Nyamaza, mwanamke! Hajaondoka!"

Pikipiki ikawaka. Ilipopotea kwenye kona Tamar alikwenda na toroli. Alimsukuma kupitia langoni, na walipokuwa katikati ya ua Kit alimwambia asimame kidogo, asikilize kama ile pikipiki haijageuka.

Kwa siku kumi hakuweza kusimama. Alikaa kwenye kiti kirefu karibu na moto, mguu juu ya kigoda, akiomba ofisa huyo asirudi kwa ukaguzi wa pili. Ila mnada wa kondoo wa kushushwa bondeni ulikuwa mwisho wa mwezi, na midomo iliyobaki ilikuwa sitini. Kwa hiyo Tamar aliwaleta majike mmoja mmoja hadi mlango wa jikoni, naye Kit akawafungua midomo akiwa kitini, na mvua ikaingia pamoja nao.

Siku ya kumi alikuja mtu mnene aliyevaa koti lililofungwa kiunoni kwa kamba, buti zake zikiwa na mavi hadi magotini. Alisema anaitwa Sugden, wa bonde la pili, na amekuja kutazama hali ilivyo. Hakusema hali ya nani. Miaka tisa ya kazi yake ilimfundisha kwamba ukiitaja Kamati mlangoni, unaonyeshwa ng'ombe wa jirani.

Kit alimtazama buti, akaona ni mnunuzi wa kondoo. Shaka yake ikatulia ikawa ya kawaida. Kwa mnunuzi, shaka ni adabu tu.

"Usisimame hapo unatiririka," alisema. "Shika huyo jike."

Sugden alimshika. Kit akafungua mdomo.

"Huyu hana miaka mitano," alisema.

"Huyu ana saba na ushei," alisema Sugden. "Tazama jino la pembeni."

"Kalivunja jana. Kwenye jiwe."

"Jiwe nalo lina miaka saba?"

Waliendelea hivyo kwa saa mbili na zaidi. Tamar alisema hajawahi kusikia matusi mengi hivyo kwenye nyumba ya watu wanaokwenda kanisani, na kwamba kufikia jike wa ishirini alikwisha kukata keki mpya. Sugden aliuliza nani atachunga majira ya baridi. Kit alisema mpwa wake anapanda kila Jumamosi na wakati wa theluji hulala hapo. Aliuliza ukuta wa juu nani aliuinua baada ya mafuriko. Kit akasema yeye, mwezi wa sita, na kama Sugden ana macho ataona kwamba hautaanguka kabla yake. Aliuliza nyasi kavu, akapanda mwenyewe ghalani, akashuka na majani kwenye nywele.

"Mguu umepatwa na nini?" aliuliza hatimaye.

"Niliruka ukuta."

"Umri huo?"

"Kulikuwa na mtu wa Kamati anatazama."

Sugden alimwachia jike aliyekuwa amemshika. "Wa Kamati? Yukoje?"

"Kijana. Viatu vinawaka. Kanifungua mdomo, kanitazama meno."

"Kamati haitazami watu meno."

"Wewe utajuaje?"

"Nasikia tu," alisema Sugden.

"Basi umesikia vibaya. Maswali mia nne aliniuliza. Alitaka nimtajie zizi." Kit alishusha sauti. "Wanatafuta kama umepoteza akili, unaona. Niliwajibu kwa Kiingereza chao mwanzo hadi mwisho."

Sugden alikunywa chai yake taratibu hadi ikaisha. Alipotoka, Tamar alimfuata kufunga lango.

"Mzee anasumbua?" Sugden alimwuliza. "Akikaa ndani hivi?"

"Huyo?" alisema Tamar. "Wick kama kiroboto. Heri angelala, nipumzike."

Barua ilifika mwezi wa kumi na moja. Ilikuwa na sentensi mbili: Kamati imezingatia ripoti, na haina hatua ya kuchukua kuhusu upangaji wa Birk Rigg. Kit aliisoma, akaigeuza, akaiinua mbele ya taa kuona kama kuna maandishi mengine ndani. Kisha akaniletea shuleni niisome pia, kwa sababu hakuamini barua iliyompa alichokitaka.

"Ni yule kijana wako," alisema. "Nilimdhania vibaya. Ukuta ndio uliomaliza."

Nilimwambia kijana wangu ni wa chuo kikuu. Akanitazama kwa huruma.

"Hivyo ndivyo alivyokwambia wewe," alisema.

Krismasi alimpelekea Whitcombe jibini zima. Whitcombe aliniandikia nimshukuru Kit kwa niaba yake, kwamba ameguswa sana, na kwamba wenyeji wameanza kutambua thamani ya lugha yao.

Kit alikaa Birk Rigg miaka mingine kumi na moja, akimshuku kila anayepanda. Upangaji ulipohamia kwa mpwa wake, mimi nikiwa karani wa baraza la kijiji, faili la shamba lilipitia mezani kwangu. Fomu ya Sugden ilikuwa ndani yake. Sehemu ya "hali na uwezo wa mpangaji" ina nafasi ya mistari sita. Sugden, aliyeiandika siku kumi na moja baada ya daftari la Whitcombe kufungwa, ametumia neno moja la herufi nne. Chini yake wametia saini wakubwa wake watatu, na hakuna aliyeweka alama ya kuuliza.